Naomba ushauri: kwa nini Jua haliunyakui Mwezi?

Habari zenu wakuu. Nafundisha fizikia sekondari, na swali la mwanafunzi mmoja limenikwamisha tangu juzi. Nimepiga hesabu kwa kanuni ya Newton ya uvutano (nguvu ya kuvutana hukua kwa tungamo na hupungua kwa mraba wa umbali): tungamo la Jua ni kama mara 333,000 ya lile la Dunia, na umbali wake kutoka Mwezini ni karibu mara 390 ya umbali wetu. Jibu: Jua linauvuta Mwezi mara 2.2 zaidi ya Dunia! Nimerudia mara tatu, ni lile lile.

Darasani nilizungusha jiwe kwa kamba, lakini hapo Jua halimo. Nahisi ni kwa sababu Jua linatuvuta sote pamoja, Dunia na Mwezi. Je, niko sahihi? Na mfano gani wa vitendo utawafaa kidato cha pili?