Maharage badala ya nyama: kipimo cha siku ni kiasi gani, na gauti je?

Mdau_Tanga
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaojua lishe, na mnipe vipimo, maana "kula maharage kwa wingi" kila mtu anasema.

Mwanaume mtu mzima, kilo 70, lehemu mbaya (LDL) iko juu, figo zimepimwa na ziko sawa. Ameambiwa apunguze nyama nyekundu. Mchana anakula ugali, usiku wali, mboga ni maharage au kunde, mara nyingi ya nazi. Protini ya mimea peke yake itamtosha? Wapo pia wanaomtisha kwamba maharage yatamletea gauti (ugonjwa wa maumivu makali ya viungo).

Lishe_Moro
Itamtosha, mradi ipimwe. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni gramu 0.83 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani gramu 58 kwa kilo 70. Protini ya mimea haimeng'enywi yote kama ya yai, kwa hiyo alenge 65. (Akiwa amevuka miaka 65 kipimo kinapanda, wazee wengi hushauriwa gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo.)

Sasa chukua kikombe cha mililita 250. Theluthi yake ya maharage makavu, kama gramu 65, ikiiva inajaza kikombe kizima na kutoa karibu gramu 15 za protini. Ale vikombe viwili hivyo kwa siku, kimoja mchana na kimoja usiku: 30. Ugali wa dona wa gramu 200 za unga unaleta kama 16, wali wa gramu 150 za mchele 10, karanga gramu 30 zinaongeza 7. Hapo ni 63, na uji wa ulezi asubuhi unamalizia.

Wengi wanakosea kwenye sahani yenyewe: ugali mkubwa, maharage vijiko viwili, mchuzi mwingi. Protini iko kwenye punje, mchuzi hauna kitu cha kuhesabu. Halafu mahindi na mchele vina uhaba wa lisini (moja ya vijenzi vya protini), ambayo maharage yanayo tele, na maharage yana uhaba wa methionini (kijenzi kingine), ambayo nafaka zinayo. Vinakamilishana, na kwa mtu mzima si lazima viwe sahani moja, inatosha viliwe siku hiyo hiyo. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu kiini cha hindi, chenye lisini zaidi, hakijaondolewa.

Kuhusu lehemu: uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba gramu 130 hivi za jamii ya kunde iliyopikwa, kila siku, zilishusha LDL kwa karibu asilimia 5. Ni faida ya kweli, lakini haichukui nafasi ya dawa kama ameandikiwa.

JikoniPwani
Niongeze upande wa upishi, kwa sababu hapo ndipo faida nyingi hupotea.

Kwanza tui. Mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa ni yale yanayopandisha LDL. Mtu akiacha nyama halafu akapika maharage kwa tui la kwanza kila siku, anaondoa kwa mkono huu na kurudisha kwa mwingine. Atumie tui jepesi, mara moja au mbili kwa wiki, siku nyingine kitunguu, nyanya na mafuta ya alizeti kijiko kimoja.

Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji, osha, weka maji mapya. Maji ya kulowekea yanaondoka na sehemu ya sukari zinazochachukia utumbo mpana na kuleta gesi. Aanze na nusu kikombe kwa mlo, aongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, tumbo litazoea. Akijaa sana abadili: choroko zilizokobolewa na dengu ni nyepesi zaidi.

Maharage mekundu yasiachwe kuivia kwenye moto mdogo tangu mwanzo. Yana sumu iitwayo lektini, na joto lisilofika kuchemka haliiharibu. Yachemke kwa nguvu dakika 10 angalau, wengine hushauri 30, ndipo upunguze moto. Punje ngumu katikati ikiliwa inaweza kuleta kutapika na kuhara ndani ya saa chache.

Yakigoma kuiva, mara nyingi ni ya zamani, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu. Nyanya, ndimu na ukwaju viingie mwisho, kwa sababu asidi inazuia ganda kulainika. Magadi yanalainisha upesi, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuongeza sodiamu. Mwenye presha asiyaguse.

Kliniki_Mwanza
Kuhusu gauti, hofu hiyo imeenea kuliko ushahidi wake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004 ulifuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12. Waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi walipata gauti zaidi, ila mboga zenye purini (kemikali ya chakula ambayo mwilini hugeuka asidi ya yuriki, ile inayoleta gauti), maharage yakiwemo, hazikuonekana kuongeza hatari. Shida ninayoiona kwenye ushauri wa mitaani ni kumwambia mtu aache maharage ale dagaa. Dagaa wana purini nyingi kuliko maharage. Bia nayo ni kichocheo kikubwa.

Mambo mawili mengine. Chai ya rangi au ya maziwa isinywewe pamoja na mlo, inazuia madini chuma ya maharage kufyonzwa. Aisogeze saa moja, na badala yake ale chungwa au kachumbari yenye ndimu. Pili, vitamini B12 haimo kwenye mimea hii. Akiacha nyama, samaki, mayai na maziwa kabisa, anahitaji vidonge. Akibaki na maziwa kila siku na mayai machache kwa wiki, wasiwasi unapungua sana.

Karanga achambue. Zilizosinyaa, zenye ukungu au uchungu zitupwe, kukaanga hakumalizi sumukuvu.

Mdau_Tanga
Asanteni sana. Unga wa soya kwenye ule uji wa ulezi je?

Lishe_Moro
Unafaa, gramu 30 zinaleta kama 11 za protini, na protini ya soya inakaribia ya nyama kwa ubora. Ila soya mbichi ina vizuizi vya kimeng'enya kinachosaga protini, hivyo isisagwe ikiwa mbichi. Ichemshwe dakika 20 hadi 30 ndani ya maji yanayotokota, itolewe maganda, ianikwe ikauke kabisa, ikaangwe kidogo, ndipo isagwe. Ina mafuta karibu asilimia 20, kwa hiyo unga unachacha: asage wa wiki mbili tu na aufunge vizuri. Kama anatumia dawa ya tezi ya shingo, levothyroxine, aitenganishe na uji huo kwa saa 4.