Liemba: iwe makumbusho au irudi majini?

Mwana Kibirizi: Wadau hili naomba tuliongee. Meli yetu ya Liemba, ya Ziwa Tanganyika, ina zaidi ya miaka mia, iliundwa Papenburg Ujerumani 1913 ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa ikaja kwenye makasha kama 5,000, ikaunganishwa Kigoma ibebe abiria na mizigo, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoingia wakaifunga mizinga. Mi naona tuipaki iwe makumbusho, watalii walipe. Ishachoka, ilikuwa ukipanda unashuka unanuka dagaa wiki nzima.

Shangazi wa Kasanga: Makumbusho ya nani wewe mtoto? Huku kusini mwa ziwa meli ndo ilikuwa basi letu. Na dagaa hao unaowasema wamesomesha watoto wetu.

Nahodha Mstaafu: Tuwekane sawa kwanza. Mzinga wake mkubwa ulitoka kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani ile iliyofia Rufiji 1915. Mwaka uliofuata Wabelgiji wakaizamisha kwa ndege.

Jirani Ujiji: Nani kakudanganya mkuu? Ndege zilikuja kweli, mabomu yakarushwa, ila Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 karibu na mto Malagarasi, na mzinga huo unaousifia walishaung'oa wakaupeleka nchi kavu. Injini wakazipaka grisi ili waje waifufue. Walioifaidi ni Waingereza, wakaiibua 1924, 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Na mvuke ulishatolewa miaka ya 70, sasa ni dizeli, sasa hiyo makumbusho mtamwonyesha mtalii nini?

Mwana Kibirizi: Bodi si ileile? Au na bodi nayo imebadilishwa dizeli?

Shangazi wa Kasanga: 2015 wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga kule mpakani walibebwa na nani mpaka Kigoma? Na makumbusho?

Mtoto wa Mwanza: Hahaha shangazi kamaliza. Ila nyie wa Kigoma mnavyojivunia hao dagaa utadhani dhahabu, njooni Kirumba mle dagaa.

Jirani Ujiji: Wale wa mchanga? Ukitafuna meno yanalia kachakacha, mtu anaosha maji matatu bado.

Mtoto wa Mwanza: Umenunua wa kulishia kuku kaka, usitusingizie.

Nahodha Mstaafu: Jamani meli. Bado nasema ndege zilichangia.

Shangazi wa Kasanga: Nahodha kalale. We wa Mwanza, bei ya sado huko kwenu ngapi sasa hivi?