Naomba ushauri: Nipo Delhi na mgonjwa, siku mbili Jaipur zinatosha?

Nguzo Tatu: Wakuu, habari za muda huu. Nipo Delhi wiki ya tatu sasa, nimemsindikiza mama, amebadilishwa goti. Operesheni imekwenda salama, anajikongoja na magongo mpaka mlangoni na kurudi. Daktari anataka kumwona tena Jumatatu ndipo aturuhusu kupanda ndege. Hapa katikati nashinda chumbani naangalia feni. Nimepata wazo la kwenda Jaipur, ule mji wa ngome na majumba ya kifalme. Niondoke Alhamisi alfajiri, nirudi Ijumaa usiku. Je, siku mbili zinatosha? Nianzie wapi? Na joto la huu mwezi wa tano linavumilika? Tangu juzi silali vizuri kwa kuwaza. Natanguliza shukrani.

Mtemi wa Kaliua: Zinatosha na chenji inabaki. Nilisoma India miaka minne, Jaipur nimekwenda mara tatu. Siku ya kwanza panda ngome ya Amber, kama kilomita 11 nje ya mji, uwe getini wanapofungua maana saa sita jua linakaanga mpaka kisogo. Raja Man Singh aliianza 1592. Mle ndani kuna Sheesh Mahal, vipande vya vioo kuanzia ukutani hadi darini, ukiinua uso unajiona pua huku, jicho kule. Siku ya pili ni mjini kwenyewe, ule mji wa waridi (rangi yenyewe waliipaka 1876 kumpokea mwana wa Malkia wa Uingereza). City Palace, Jantar Mantar na Hawa Mahal vimepakana, ni mwendo wa miguu. Jantar Mantar, ule uwanja wa kale wa kupimia jua na nyota, usiiruke. Kuna saa ya jua ya kujengwa, kimo chake mita 27, na kivuli unakiona kwa macho yako kikitembea, karibu upana wa kiganja kwa dakika. Nilisimama pale nikasahau hata chakula. City Palace uliza mitungi miwili mikubwa ya fedha: Maharaja Madho Singh wa Pili aliijaza maji ya mto Ganges akasafiri nayo hadi Uingereza 1902. Tiketi ya mgeni ni ghali kuliko ya mwenyeji, usigombane na mtu dirishani.

Chumvi Nyingi: Hawa Mahal ndiyo kwa mama Hawa mke wa Adamu? Naona Adamu alijengewa kibanda cha uani.

Bibi Karafuu: Hawa hapo ni upepo, ndiyo hewa hii hii yetu. Jumba la Upepo, la 1799, madirisha madogo 953 ili wanawake wa ndani watazame njiani bila ya kuonekana. Marehemu bibi yangu pale Malindi, Unguja, alikuwa na dirisha moja tu la namna hiyo na hakuna harusi wala ugomvi uliompita. Lakini mwanangu, mbona hujasema, mama unamwacha na nani?

Nguzo Tatu: Chumba cha pili kuna mama wa Kinigeria naye anauguza, wameshazoeana. Chakula nitaacha. Jamani, mimi nimeuliza ngome.

Shangazi Kaja: Aliyekubeba miezi tisa unamwachia Mnigeria, wewe ukapige picha na tembo! Baba yetu alipolazwa, mdogo wangu alitoka wodini "kununua vocha" akarudi kesho yake mchana na shati jipya. Baba alipona, ila lile shati mpaka leo hatulizungumzi.

Mtemi wa Kaliua: Utalala wapi mkuu? Hotelini mgeni anatoa pasi na visa, wanamjazia fomu.

Nguzo Tatu: Silali hotelini. Kuna jamaa tumefahamiana kwenye mgahawa hapa karibu, mfanyabiashara wa vito, kwao ni Jaipur. Atanipokea stesheni, nalala kwake, nakula kwake, gari ni lake. Hata tiketi ya treni kakata yeye. Mstaarabu sana, mama mwenyewe anamwita mwanangu.

Dalali Mstaafu: Na wewe unampa nini?

Nguzo Tatu: Hakuna kitu kikubwa.

Dalali Mstaafu: Kidogo ni nini?

Nguzo Tatu: Ni kimfuko tu, hakizidi pakiti ya majani ya chai. Nimfikishie ndugu yake Arusha. Ni mawe yaliyokwisha kukatwa, ya halali, risiti anazo. Anasema nikibeba mimi kama abiria hakuna ushuru, yeye akituma kama mzigo wanamkamua.

Chumvi Nyingi: Maharaja alibeba mitungi yake mwenyewe. Wewe unabeba ya mwenzio.

Dalali Mstaafu: Kijana, nimefanya kazi ya mawe Arusha miaka 19. Tanzanite inachimbwa Mirerani, na nyingi inakwenda kukatwa huko huko Jaipur. Soko lao linaitwa Johari Bazaar, Mswahili hahitaji mkalimani. Sasa mtu wa Jaipur anatafuta mbeba mawe wa kwenda Arusha? Huko ni kupeleka dagaa Kigoma. Mchezo huu wa zamani, watalii wamelizwa nao miaka na miaka. Wanakukirimu, wanakukabidhi vioo, halafu wanaomba kadi ya benki "ya dhamana". Kisha simu inalia: mzigo umekamatwa forodhani, lipa. Hajakuomba kadi?

Bibi Karafuu: Mwanangu, jibu.

Nguzo Tatu: Nimemtumia picha. Upande wa mbele tu, nyuma sijapiga.

Bibi Karafuu: Kadi ya nani?

Nguzo Tatu: Ile tunayolipia hospitali. Ukoo ulichangia humo. Ila sehemu kubwa tumeshalipa, imebaki awamu ya mwisho. Msinihukumu wakuu, mtu mwenyewe hamjamwona. Angekuwa mwizi angenikatia tiketi kwa pesa yake?

Dalali Mstaafu: Mvuvi naye chambo ananunua kwa pesa yake. Piga simu benki wafunge kadi sasa hivi, tutabishana baadaye.

Chumvi Nyingi: Subirini kwanza, hii ni chai. Nimepitia nyuzi zake. Siku tano zilizopita Nguzo Tatu alikuwa anauza vifaranga wa kroila Tegeta, "njoo bandani ujionee". Wiki tatu yupo Delhi, bandani anamkaribisha nani? Au kwa vile kroila asili yao India, kawarudisha kwao?

Shangazi Kaja: Eeh! Na mimi nimemlilia mama wa watu hapa!

Nguzo Tatu: Banda analiangalia shemeji, akaunti hii tunatumia wote wawili. Sina sababu ya kumtungia uongo mama yangu.

Chumvi Nyingi: Piga picha dirishani, sasa hivi.

Nguzo Tatu: [picha]

Mtemi wa Kaliua: Bajaji ya kijani, paa la njano. Delhi hiyo.

Chumvi Nyingi: Picha kama hiyo hata mimi naipata mtandaoni nikiwa Mbagala.

Dalali Mstaafu: Chai au si chai, kadi ifungwe.

Nguzo Tatu: Imefungwa, nimesubirishwa kwenye simu dakika 20. Na jamaa nimemwandikia kwamba nakuja kutembea tu, kimfuko sibebi. Amesoma. Hajajibu. Labda ana wateja.

Bibi Karafuu: Haya.

Nguzo Tatu: Tiketi bado ninayo lakini. Mtemi, kutoka stesheni mpaka Amber bajaji ni kiasi gani?

Shangazi Kaja: Bado anakwenda!

Chumvi Nyingi: Mkuu, na wale vifaranga bado wapo?