Nianze na deni lipi kabla ya kuomba mkopo wa nyumba?

Mwalimu, Dodoma:
Habari zenu, ndugu. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 1,200,000. Kila mwezi hukatwa 180,000 za Bodi ya Mikopo (ya wanafunzi wa elimu ya juu), 200,000 za mkopo wa benki uliobakiza miezi 14, na 90,000 za SACCOS zilizobakiza miezi mitano. Isitoshe, nina deni la simu la 85,000. Akiba yangu ni 900,000. Nianzie wapi?

Mhasibu:
Mwalimu, la simu lilipe leo, kwa sababu deni dogo lililochelewa huweza kuchafua taarifa zako za mikopo ambazo benki huzipitia kwanza. Kisha maliza SACCOS: kwa takribani 450,000 unarudishiwa nafasi ya 90,000 kila mwezi, na nafasi hiyo ndiyo muhimu, maana mtumishi wa umma hatakiwi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi, yaani 400,000 kwako. La Bodi usilipunguze kidogo kidogo. Makato hubaki asilimia 15 mpaka deni liishe lote.

Mtumishi mstaafu:
Naafiki, ila akiba isikauke, kwani uthamini wa nyumba na usajili wa rehani hugharimu fedha taslimu. Halafu dai barua ya kumaliza deni. Mimi nilikatwa miezi miwili zaidi, nikiwa na risiti mkononi.

Mwalimu, Dodoma:
Nashukuru sana. Hilo la Bodi sikulijua kabisa. Nilikuwa nimepanga kuipelekea 500,000 wiki hii.