Naomba ushauri: mwanamume wa riwaya yangu ni mkimya mno, nimwandikeje apendeke?

Mtoa mada: Habari zenu wapenzi wa riwaya. Naandika riwaya ya mapenzi kuhusu Jane Digby, Mwingereza wa ukoo mkubwa aliyezaliwa 1807. Mumewe, Lord Ellenborough, alimpa talaka mwaka 1830 kwa sheria ya Bunge, kwa sababu ya penzi lake na mwanadiplomasia wa Austria. London nzima ilimsema. Akapita Bavaria, akapita Ugiriki, ndoa juu ya ndoa. Mwaka 1853 akafika Syria, na aliyemsindikiza jangwani hadi magofu ya Palmyra ni Sheikh Medjuel el Mezrab. Wakaoana, wakakaa pamoja mpaka Jane alipofariki 1881.

Jane hanisumbui. Anayenishinda ni Medjuel: mtulivu, msomi, mdogo kwa mkewe kwa miaka mingi. Nikimpa maneno ya mahaba anakuwa mtu mwingine kabisa. Nikimnyamazisha, haieleweki Jane alimpendea nini.

Mwana wa Tanga: Maneno muachie Jane, huyu mpe kazi. Yeye ndiye anayejua visima na njia salama. Jane amesifiwa na wanaume tangu usichana, sifa hazimgusi tena. Lakini sheikh akimfungia tandiko la farasi kwa mkono wake, na vijana wa kazi hiyo wapo, hapo atashtuka.

Bi Mkubwa: Mwanangu, ukimya wake hauna kosa. Hujamwonyesha anahatarisha nini. Anaoa mgeni, Mkristo, mwanamke aliyekwisha vuka miaka arobaini, na mwanamke huyo anataka asiwe na mke mwenza! Jamaa zake walikaa kimya? Andika kikao hicho. Neno lake moja mbele ya wazee litatosha sura nzima.

Msomaji wa Usiku: Na mazishi ya Damascus usiyaruke. Waandishi wa maisha ya Jane wanasimulia kuwa Medjuel aliingizwa kwenye gari la waombolezaji, akashindwa kuvumilia, akaruka na kukimbia. Alirudi juu ya farasi wa Jane mpaka kaburini. Utatamani kumtilia hotuba pale. Nakusihi usimtilie.

Mtoa mada: Asanteni sana, kikao cha wazee nakianza leo. Bi Mkubwa, na mke aliyekuwa naye kabla ya Jane nimweke wapi?

Bi Mkubwa: Mpe sura yake, tena mapema. Aliachwa ili Jane aolewe. Ukimficha, sisi wanawake tutakaosoma tutamtafuta.