Mashine ya mkojo imekuja, hadubini imefunikwa nailoni. Ni sawa?

Mwanzisha mada
Wakuu, tubishane kidogo. Mimi ni mtu wa maabara, Kanda ya Ziwa, hospitali siitaji. Tumeletewa mashine ya mkojo, ile inayosoma stripu (kijiti chenye viraka vinavyobadilika rangi) na kuhesabu chembe yenyewe. Wiki hiyohiyo ikatoka kauli: kuangalia mashapo, yale yanayotuama chini ya mkojo, kwa hadubini basi, kunachelewesha foleni. Sasa hadubini iko kwenye kona, imefunikwa nailoni, maboksi ya glovu yamepangwa mbele yake.

Mashine siipingi. Kwenye stripu inatushinda, tuseme ukweli. Kila kiraka kina muda wake: sukari sekunde 30, chembe nyeupe hadi dakika 2. Nani kati yetu, akiwa na vikopo arobaini mezani, anazisubiri hizo dakika 2? Unachovya, unalinganisha rangi na chupa, unaandika, unavuta kikopo kingine. Jioni macho yamechoka na kila kijani ni kilekile.

Ugomvi wangu ni kwenye damu. Aliletwa mtoto wa miaka kumi hivi, kwao ni mabwawa na majaruba ya mpunga. Mashine ikatoa chembe nyekundu kibao, na kwenye faili ikaandikwa UTI. Nikamwomba mama yake tupate mkojo mwingine wa mchana, kati ya saa 4 na saa 8, maana ndipo mayai hutoka kwa wingi, na mtoto asimwage yale matone ya mwisho. Nikauzungusha, nikamwaga maji ya juu, tone la mashapo nikaliweka kwenye slaidi. Kwa lenzi ndogo tu nikaliona: yai refu, mwiba kwenye ncha. Kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, na alikuwa ameshaanza antibayotiki.

Mashine yetu hupanga chembe za damu, bakteria, fuwele, hamira (fangasi) na kasti, yaani vipande vyenye umbo la mirija ya figo. Yai la kichocho halimo kwenye orodha yake, ingawa urefu wake ni kama mara 20 ya chembe nyekundu. Na hiyo hamira yenyewe wakati mwingine huihesabu kama chembe nyekundu.

Muuguzi, zahanati
Mkuu, unaisifia hadubini kana kwamba zamani mlikuwa mnachungulia. Nilipokuwa awali, sentrifuji, ile mashine ya kuzungusha mkojo ili mashapo yatuame, ilikufa miezi mitatu, na majibu ya mashapo yaliendelea kutoka kila siku: chembe za usaha 5 hadi 8, mzee, mtoto, mjamzito, wote. Ndiyo maana nchi nzima ina "UTI sugu". Heri mashine, haiandiki kitu ambacho haijakiona.

Mnunuzi wa vifaa
Ongezeni na hili: vitendanishi (dawa za kupimia) vya mashine ni vya kampuni yake. Vikiisha mwezi wa tano na fedha zinakuja wa saba, hiyo ni meza ya kuwekea chai. Hadubini inataka taa na slaidi tu.

Kutoka Pemba
Mtoa mada, nawe usijiamini sana. Huku, baada ya miaka mingi ya kugawa dawa kwa umma, maambukizi yamekuwa hafifu, yai moja hapa moja pale. Tone lako la mashapo linaweza kulikosa kabisa. Chuja mililita 10 zote, kisha uangalie kichujio chenyewe.

Mwanzisha mada
Wa Pemba, nimekubali. Vichujio hatuna, nitaviombea.

Muuguzi, umenipiga pabaya na sina pa kujitetea, kuna wenzangu wanaandika majibu kwa mazoea. Ila fundi asiyechungulia dawa yake ni msimamizi kukaa naye benchi. Ukimpa mashine, ataacha kuchungulia kwa ruhusa ya ofisi. Ninachodai ni kidogo: vikopo vyote vipite kwenye mashine, halafu vile vyenye damu au protini virudi kwa mtu. Kwetu, siku nyingi, hivyo havifiki kumi. Foleni gani itakayokufa kwa vikopo kumi?

Kesho naondoa yale maboksi ya glovu, wakitaka waniandikie barua.

Muuguzi, zahanati
Sawa mkuu. Na sentrifuji yenu, inazunguka?