Nimebeba magunia siku tano na mahamali wangu bila wao kunijua. Jumatatu nifanyeje?

Kibarua_Siku5
Assalaam aleykum wadau. Mimi ni meneja wa godauni moja huku Shimanzi. Nina miezi mitatu tu Mombasa na ofisi yangu iko mjini, kwa hivyo mahamali wananijua kwa sahihi, si kwa sura. Kila ripoti ilisema kontena za mchele zachelewa kushushwa, kazi inalala kuanzia saa nne. Nikajua ni uvivu. Wiki jana nikavaa fulana kuukuu, nikapanga foleni langoni alfajiri, jina likasomwa, nikaingia.

Kontena la futi 20 ni magunia 500 ya kilo 50. Tulikuwa watu wanane, piga hesabu mwenyewe. Mzee mmoja akaniona shingo imechunika, akachukua gunia tupu, akalisukuma pembe moja ndani ya nyingine, likawa kofia ndefu inayoshuka hadi mgongoni. Uvivu sikuuona, niliona kiu. Bomba liko nje ya lango, na kila atokaye asaini kitabu na apekuliwe akirudi. Amri hiyo niliiandika mimi, ati kuzuia wizi, nimekaa kwenye kiyoyozi.

Jumatatu nina kikao nao. Nijitambulishe au ninyamaze? Usingizi sipati.

BintiKibokoni
Ingiza bomba ndani. Hilo nalo la kukosesha mtu usingizi?

Hamali_Mstaafu
Mimi nilibeba kahawa hapo hapo miaka 12. Bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto, fundi akinipima kanzu hucheka. Meneja wetu hakuwa akishusha hata kioo cha gari. Siku moja akashuka kugomba, akakanyaga mafuta, chali! Tukamwokota, tukampangusa. Tangu siku hiyo akawa anatusalimia mmoja mmoja.

UstadhWaMtaa
Husimuliwa Sayyidna Umar alimkuta mama usiku anachemsha maji matupu kuwapumbaza wanawe wenye njaa. Akaenda akajitwika unga mwenyewe. Mtumishi alipotaka kumpokea akamuuliza, je, utanibebea na mzigo wangu siku ya Kiyama? Na usiku ule hakujitaja. Nyamaza, tenda.

DuaraLaChaki
Taiichi Ohno wa Toyota alikuwa akichora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha meneja humo atazame kazi hadi aone tatizo. Lakini wafanyakazi walimwona amesimama. Wewe umepeleleza, ndugu yangu, na hilo lina jina jingine.

BintiKibokoni
Mwenye uzi, dawa ya kiu umeshaijua. Uliona nini kingine?

Kibarua_Siku5
Haya. Mnyapara hukata shilingi 50 kwa kila kibarua jioni. Asiyetoa, kesho jina lake halisomwi.

Hamali_Mstaafu
Enzi zetu ilikuwa kumi. Kila kitu kimepanda.

Sheria_Barazani
Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37: kibarua akifanya kazi mfululizo siku zinazotimia mwezi, huhesabiwa wa mshahara wa mwezi. Hao wako wana muda gani?

BintiKibokoni
Sheria baadaye. Huyo mnyapara umemfukuza?

Kibarua_Siku5
Si rahisi hivyo. Ana watoto wanne. Nimeshamwandalia uhamisho aende Miritini, huko hakuna vibarua. Naona ni busara.

BintiKibokoni
Wamtetea kama wako. Ni nani wako?

Kibarua_Siku5
Ni ndugu wa mke wangu. Kazi nilimpa mimi.

Mbishi_wa_Likoni
Hapo ndipo hadithi ilipozama! Shemeji yako akuone siku tano na magunia kichwani asikujue? Na foleni yote hiyo upate namba siku ya kwanza? Watu watunga wakingoja feri. Admini, peleka uzi huu jukwaa la hadithi.

Mtu_wa_Tanga
Nami nilihisi. Halafu hajasema alilipwa ngapi.

Kibarua_Siku5
450 kwa siku. Na shemeji alinijua. Ndiye aliyesoma jina langu la uongo langoni, tulikubaliana. Yale ya hamsini sikuyaona kwa macho yangu. Siku ya tano yule mzee alinimegea nusu ya hamri yake, tukachovya mbaazi, akasema: "Wiki hii ina baraka, kijana. Hata hamsini hawajatukata." Ndipo nilipouliza, hamsini gani?

Hamali_Mstaafu
Lo.

Mbishi_wa_Likoni
Mbaazi hiyo ilikuwa na nazi au chukuchuku?

BintiKibokoni
Wewe nawe! Mwenye uzi, mkeo amesemaje?

Kibarua_Siku5
Hajui lolote. Anadhani wiki ile nilikuwa semina Malindi.

UstadhWaMtaa
Inna lillahi.